Sabasaba Kigoma: Siku Tatu Kabla ya Baba Kuondoka

Akina mama wenzetu, wengi wenu mnayajua maisha ya uhamisho. Mume awe mwalimu, mganga, polisi au askari wa jeshi, siku moja hurudi nyumbani na barua mkononi, na vyombo vya jikoni inabidi vifungwe upya. Sisi kwetu ni Masasi, kusini kabisa, kwenye mikorosho na majabali makubwa. Mwaka 2021 barua ilituleta Kigoma, pembe nyingine kabisa ya nchi. Tulipanda basi hadi Dar es Salaam, kisha gari moshi la Reli ya Kati, ambalo hukata zaidi ya kilomita 1,200 kabla ya kusimama kando ya ziwa. Njiani kitinda mimba wetu aliuliza kama bado tuko Tanzania.

Mpaka hatukuuvuka, lakini ugeni ni ugeni. Asubuhi majirani walitusalimu kwa Kiha, "Mwakeye", huku wakipiga makofi taratibu kwa heshima, nasi hatukujua la kujibu. Sokoni mafuta yalikuwa mekundu, ya mawese, nayo yalipopata moto jikoni harufu yake ilikuwa ngeni puani mwetu. Bibi wa watoto alikuwa mbali, na mjomba alikuwa mbali. Familia nyingi za askari huishi vituoni kama abiria waliokaa stesheni: mizigo miguuni, macho kwenye reli, furaha yote ikiwekwa akiba hadi siku ya kurudi kwao.

Mwaka 2023 tulipata habari iliyotufanya tuitazame akiba hiyo upya. Baba watoto alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa kwenda kulinda amani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tanzania imekuwa ikipeleka askari huko tangu mwaka 2013, Umoja wa Mataifa ulipounda brigedi maalumu ya kupambana na makundi yenye silaha mashariki mwa nchi hiyo. Kila mke wa askari anaikumbuka Desemba ya mwaka 2017, pale walinda amani wetu zaidi ya kumi walipouawa kambini mwao huko Semuliki. Hatukuitaja habari hiyo mezani, lakini ilikaa nasi pamoja.

Sikukuu ya Sabasaba mwaka huo iliangukia Ijumaa, kwa hiyo tulikuwa na siku tatu mfululizo. Masasi haikuwezekana, siku zote tatu zingeishia barabarani. Tukaamua kuzitumia hapa hapa, tukiwa wote watano, kwa fedha kidogo iliyokuwapo, kuuona mji tuliokuwa tukiishi ndani yake.

IJUMAA: STESHENI NA MELI YA VITA

Tulianza na stesheni ya reli. Wajerumani walifikisha reli Kigoma mwaka 1914, na jengo lile lingali limesimama chini ya kilima, likitazama bandari. Watoto, ambao siku ya kufika walishuka hapo wakisinzia, safari hii walipita wakiligusagusa na kuuliza maswali. Kijana wetu wa miaka tisa alitaka kujua kwa nini reli imeishia hapo. Baba yake akamwonyesha maji: "Mbele ya hapa ni kazi ya meli."

Na meli yenyewe tuliiona kutoka barabarani: Liemba. Mama mwenzetu, kama hujawahi kusikia habari zake, ni kisa cha kuwasimulia watoto. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari na reli, ikaunganishwa tena hapa Kigoma. Mwaka 1915 iliingia majini kama meli ya vita, ikiitwa Graf von Götzen, jina la gavana wa zamani wa Kijerumani. Kwetu kusini jina hilo halina utamu, kwani yeye ndiye aliyetawala Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905. Mwezi Julai 1916, walipoona wanazidiwa, Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza mitambo yake ikapakwa grisi nyingi isiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ikibeba abiria na mizigo.

Siku ile ilikuwa imetulia bandarini, ikingoja matengenezo makubwa. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo aliyezaliwa Kigoma, alitusimulia habari za Mei 2015. Mwaka huo machafuko ya Burundi yaliwasukuma maelfu ya watu hadi kijiji cha Kagunga, kaskazini mwa Kigoma, mahali palipobanwa kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikaingia. Liemba ndiyo iliyotumwa kuwachukua, safari baada ya safari, akina mama na watoto mgongoni, hadi Kigoma, ambako uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika ulikuwa kituo chao cha kwanza. Jirani huyo alikuwa mmoja wa wanawake wa mjini waliopeleka uji na kanga. "Mtu akishuka melini akiwa na mtoto mchanga, humwulizi kabila," alisema.

Baba watoto alimsikiliza kwa makini. Kisha akawaambia watoto kwamba chombo kilichoundwa kwa ajili ya vita kinaweza kugeuzwa kiokoe watu, na kwamba yeye na wenzake wanakokwenda wamepewa bunduki ili akina mama kama wale walale usingizi. Ilikuwa mara ya kwanza kuizungumzia safari yake mbele yao bila kuzungushazungusha.

Jioni tulipanda mlimani kutazama ziwa. Mwezi ulikuwa umepita ukamilifu wake na ulichelewa kutoka, kwa hiyo wavuvi walikuwa wamerudi kazini. Giza lilipoingia, taa zikaanza kuwaka majini moja moja, kisha kwa makumi, hadi tukaona kama mji mwingine umejengwa juu ya ziwa. Dagaa hufuata mwanga; ndiyo maana siku za mbalamwezi kali taa hazina nguvu na wavuvi hupumzika. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni taa za umeme wa betri na jua. Kitinda mimba alijaribu kuzihesabu akalala begani mwa baba yake kabla hajafika thelathini.

JUMAMOSI ALFAJIRI: MWALO WA KIBIRIZI

Mama yeyote anayependa jiko lake na afike Kibirizi asubuhi na mapema. Mitumbwi hurejea kukipambazuka, na ufukwe hujaa sauti za mnada, ndoo, vicheko na ubishi. Wavuvi ni wanaume, lakini dagaa akishagusa mchanga biashara huwa ya wanawake. Wao ndio wanaonunua, wanaoanika, wanaogeuza, wanaofunga magunia na kuyasafirisha. Wengi wamesomesha watoto kwa dagaa.

Tulikaa na mama mmoja aliyekuwa akianika. Alitueleza kwamba wanaoanika juu ya mchanga hupata dagaa mwenye changa, na mvua ikinyesha ghafla kazi yote huharibika. Anayeanika juu ya vichanja vya wavu vilivyoinuliwa hupata dagaa safi, anayekauka haraka na kuuzika kwa bei nzuri zaidi. Alitufundisha kumchagua: awe anang'aa kama fedha, awe mkavu wa kuvunjika kwa vidole, na ukimnusa usikutane na harufu kali. Dagaa aliyegeuka rangi ya njano amekaa sana au hakukauka vizuri.

Ziwa lenyewe linastahili heshima. Urefu wake ni kilomita zipatazo 670, na kina chake hufika karibu mita 1,470. Duniani kote ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi kwa kina. Nchi nne hunywa humo: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Hata hivyo samaki si wa kuchota bila mwisho. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa akina mama wa Kibirizi miezi ile ilikuwa mirefu.

Tulinunua dagaa na migebuka wawili. Mchana jirani alituingiza jikoni kwake. Mgebuka alikatwa vipande, akachemshwa kwa nyanya, kitunguu na chumvi, kisha mawese yakatiwa na sufuria ikaachwa ichemke polepole mpaka mchuzi ukawa mzito. Ukaliwa kwa ugali wa muhogo. Sisi tulileta korosho za kwetu, tulizotumiwa na bibi, zikakaangwa kwenye jiko lile lile. Binti yetu mkubwa alisema mawese na korosho vimekutana kama watu wa ukoo mmoja.

JUMAMOSI ALASIRI: CHINI YA MWEMBE WA UJIJI

Ujiji iko kilomita chache tu kusini mwa Kigoma mjini, na daladala hazikosekani. Ukishuka utadhani umefika pwani: nyumba za mtindo wa Kiswahili zenye baraza, misikiti, wazee wa kanzu, mafundi wakiunda vyombo vya mbao ufukweni. Hilo lina sababu yake. Hapa ndipo ilipoishia njia ya misafara kutoka Bagamoyo. Pembe za ndovu na watumwa walivushwa kutoka ng'ambo ya ziwa, wakapumzishwa Ujiji, kisha wakaendeshwa kwa miguu hadi baharini. Miembe mikubwa iliyo kandokando ya njia hiyo inasemekana ilitokana na kokwa zilizotupwa na wapita njia, wengi wao wakiwa watumwa.

Kwenye makumbusho kuna miembe inayoelezwa kuwa ni uzao wa ule ambao chini yake Henry Stanley alikutana na Dokta David Livingstone mwaka 1871. Mti wenyewe wa kwanza ulikwisha kufa. Watoto wa shule huujua mkutano huo. Pasipojulikana sana ni habari aliyokuwa nayo Livingstone siku ile. Miezi michache kabla, mwezi Julai 1871, alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba huko Kongo. Siku ya soko, ambalo wachuuzi wake walikuwa hasa wanawake, watu wa wafanyabiashara ya utumwa waliwafyatulia risasi. Waliokufa, kwa kupigwa na kwa kuzama mtoni, walikuwa mamia. Livingstone aliiandika habari hiyo, na Stanley akaondoka na barua zake. Zilipofika Uingereza ziliongeza hasira dhidi ya biashara ile, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Kwa watu wa Masasi, mwembe ule si wa wageni. Mwaka 1857 Livingstone alitoa wito huko Cambridge, na wito huo ukazaa chama cha wamisionari cha UMCA. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa chama hicho alileta watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar, wakapanda bara kupitia Lindi, wakaweka makazi mahali paitwapo Masasi. Kanisa ambamo sisi wazazi tulibatizwa na kufunga ndoa limetokana na watu wale. Binti yetu aliposikia hayo, aliuliza: "Kwa hiyo huenda bibi wa bibi yangu alipita hapa?" Hatukuweza kumjibu, lakini tulisimama pale muda mrefu kuliko tulivyokusudia.

Kuna mwanamke mmoja ambaye kule makumbusho habari zake hazichukui nafasi kubwa, nasi tungependa mama msomaji amjue. Mary Moffat aliolewa na Livingstone mwaka 1845. Alizunguka naye kusini mwa Afrika, akivuka jangwa la Kalahari kwa gari la ng'ombe akiwa na watoto wadogo. Mwaka 1852 alipelekwa Uingereza na watoto, akaishi huko miaka zaidi ya minne bila mume, mara nyingi kwa shida ya fedha. Baadaye alimfuata tena Afrika, na mwaka 1862 alifariki kwa homa huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, akazikwa chini ya mbuyu. Mtoto wao wa kwanza, Robert, alikua akimwona baba yake kwa nadra. Akiwa kijana alifika Marekani, akajiandikisha jeshini kwa jina lisilo lake wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akafia katika kambi ya wafungwa wa vita mwezi Desemba 1864. Alikuwa na umri wa miaka 18.

Hayo tuliyazungumza tukiwa tumekaa kivulini, watoto wakiokota majani. Baba watoto alinyamaza. Kisha akasema kwamba kazi njema haimwondolei mtu deni la watoto wake, na kwamba yeye hataki kuwa baba wa kwenye picha. Pale pale tukawekeana mambo matatu. La kwanza, ahadi asizoweza kuzitimiza asizitoe. Asiwaambie watoto "nitarudi Krismasi" kama hajui. La pili, kila atakapopata mtandao azungumze na kila mtoto peke yake, hata kwa dakika mbili, wala si mama tu kwa niaba ya wote. La tatu, maamuzi ya nyumbani yasingoje arudi; mama aamue, naye akirudi asiyapangue kwa hasira. Akina mama, mambo hayo si makubwa, lakini kuyasema kabla ya safari ni rahisi kuliko kuyagombania simuni.

JUMAPILI: KANISANI NA UFUKWENI

Asubuhi tulikwenda ibadani. Katika maombi waliotajwa ni wasafiri, wavuvi na "wale wanaolinda amani ya nchi jirani". Aliyeomba hakujua kwamba mmoja wao alikuwa ameketi mstari wa nne. Mama alishikwa na machozi, binti akampa leso, na hakuna aliyeona ajabu.

Mchana tulishuka ufukweni upande wa Katonga na kapu la maandazi, ndizi na chupa ya chai. Maji ya ziwa hili, pale palipo na mawe na mchanga safi, ni maangavu hata ukaona vidole vya miguu na visamaki vya rangi vikipita katikati yake. Baba aliwafundisha watoto kuelea. Kitinda mimba alikataa katakata, akajenga nyumba ya mchanga na kusema ni kota yetu ya Masasi.

Ng'ambo ya pili ni Kongo. Watoto walitaka kuiona, lakini Julai ni kiangazi, moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi huifunika milima yake. Baba aliwaeleza kwamba hata wangeiona, yeye atakuwa mbali zaidi, kaskazini. Jua lilizama katikati ya ukungu ule likiwa jekundu kama mawese, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Hatukufika Gombe safari hii, kwa kuwa mashua na kiingilio vilituzidi. Lakini usiku ule tuliwasimulia watoto habari za Jane Goodall, aliyefika huko Julai 1960 kuchunguza sokwe. Wakuu wa serikali hawakukubali msichana akae msituni peke yake, basi mama yake mzazi, Vanne, akaja naye. Katika miezi ile ya mwanzo Vanne aliwagawia wavuvi dawa ndogondogo, na kwa huduma hiyo mama na binti wakapata marafiki. Jane alifariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, jina lake likijulikana dunia nzima. Mwanzoni palikuwa na mama aliyekubali kulala kwenye hema ugenini.

BAADA YA HAPO

Baba aliondoka. Miezi ya kwanza ilikuwa migumu kama ilivyo kwa kila nyumba ya askari: simu ikichelewa usingizi unatoroka. Lakini tuligundua kwamba zile siku tatu zilikuwa zimetuachia kitu cha kushika. Kijana alipomkumbuka baba alikwenda mlimani kuhesabu taa. Binti aliandika insha ya shule kuhusu mwembe wa Ujiji. Jikoni mawese hayakunuka tena kama kitu kigeni. Na majirani waliokula korosho zetu ndio waliotufikisha hospitali usiku kitinda mimba alipougua malaria.

Mwezi Aprili, baada ya mvua kubwa kuosha hewa, tulishuka tena Katonga tukiwa wanne. Milima ya Kongo ilionekana, ya buluu, imekaa kimya juu ya maji. Watoto waliipungia mkono. Baadaye mwaka huo wa 2024 baba alirudi salama, mwembamba kidogo, na kila mtoto alikuwa na lake la kumweleza kwa sababu kila mmoja alikuwa amezungumza naye mwenyewe. Wapo wenzetu ambao waume zao hawakurudi. Tunawakumbuka, na tunawasihi mnaoishi nao jirani msiwaache peke yao.

KWA MAMA ANAYEPANGA SAFARI KIGOMA

Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu na rahisi kwa matembezi. Novemba hadi Aprili kuna mvua, lakini hewa ni safi na ng'ambo huonekana. Upepo wa kiangazi huweza kulichafua ziwa ghafla, kwa hiyo mtoto asipande mashua bila jaketi la kuokolea. Waulize wenyeji mahali pa kuogelea. Epukeni penye majani na maji yaliyotuama kwa sababu ya kichocho, na penye mamba. Chemsha maji ya kunywa, chukua vyandarua. Ujiji vaa kanga au gauni la heshima, salimia wazee kwanza.

Na kama Kigoma, au mji wowote ule, umeletwa kwako na barua ya uhamisho, usingoje kuhama ndipo uujue. Uliza jina la jirani, nunua sokoni, wapeleke watoto waone ulikotoka mji huo. Sikukuu ijayo ipo kwenye kalenda. Itumieni mkiwa wote.